Uvimbe Unavyovuta Maji

Mara ya kwanza nilipoona mishipa ya damu ikiota ndani ya yai nilidhani nimedanganywa. Picha zake nilikuwa nimeziona kwenye makala za watafiti, na kila picha niliitilia shaka. Rangi imeongezwa, nilisema. Wamechagua yai moja zuri, mabaya yote wameyatupa. Ndivyo nilivyo. Baba yangu, ninayekaa naye Temeke, husema hata nikiambiwa jua limechomoza mie nataka kwanza nikalishike. Basi asubuhi ile niliinamia hadubini, nikalisogeza yai chini ya taa, nikachungulia kupitia dirisha dogo nililolikata mwenyewe kwenye ganda, nikasahau kuvuta pumzi.

Ndani mlikuwa na utando mwembamba unaong'aa, kama ile ngozi ya ndani ya kitunguu. Juu ya utando ilitambaa mishipa. Mmoja mnene uligawanyika ukawa miwili, ile miwili ikagawanyika tena, ikaendelea hivyo mpaka kwenye vijinywele vyekundu ambavyo jicho langu lilishindwa kuamua vinaishia wapi. Chini kidogo ya hapo kulikuwa na kitu kilichojikunja mgongo, na ndani yake nukta nyekundu ilikuwa inapiga. Hakuna aliyeiwasha. Siku chache nyuma yai lile lingeweza kuwa chipsi mayai ya mtu, na sasa lilikuwa na moyo. Niliinua kichwa nikatafuta wa kumwambia. Hakukuwa na mtu. Nikainama tena.

Watu huniuliza mwanafunzi wa saratani anatafuta nini kwenye mayai. Huwa naanza na swali lililoninyima raha tangu mwaka wa pili chuoni: kwa nini uvimbe, ambao huanza na seli moja iliyoasi, haubaki mdogo kama punje ya mtama? Jibu ni kwamba bila damu hauwezi kukua. Seli lazima ile na ipumue, na chakula na hewa huletwa na damu. Lakini upo uvimbe unaojifunza kuita. Unatoa kemikali zinazosambaa kwenye nyama iliyo jirani, na mishipa ya pale, ikizipata, huchipua kuelekea ulipo. Mtafiti anataka kuuona mwito huo ukijibiwa, kisha ajaribu dawa za kuuzima. Hawezi kumkata binadamu dirisha. Kwa hiyo hutafutwa vitu vya kusimama badala ya binadamu. Wengine huotesha seli za mishipa kwenye ute mzito ndani ya visahani. Wengine hufuga visamaki ambavyo vikiwa vichanga miili yao huwa angavu kama glasi, ukaiona damu ikipita bila kukata kitu. Sie tuna mayai. Kifaranga kilichomo bado hakijajenga ulinzi wa mwili, hivyo ukiweka seli za saratani ya binadamu juu ya ule utando, hazikataliwi. Zinapokelewa kama wageni, zinapelekewa damu.

Nikisema hivyo inaonekana rahisi. Mayai yangu ya kwanza hayakuota kitu. Nilikuwa nimeyanunua sokoni, na muuzaji aliapa kwamba ni ya kienyeji. Akapasua moja mbele yangu nione kiini kilivyo cha njano. Niliyaweka kwenye mashine ya kutotolesha, nikalinda joto, nikalinda unyevu, nikayageuza kama kuku anavyogeuza kwa mdomo. Nilipoyafungua, viini vilikuwa vilevile, vya njano, vizuri, vimekufa. Niliandika maelezo marefu kuhusu joto la maabara na umeme unaokatika. Msimamizi wangu, mwanamama asiyependa maneno mengi, aliyasoma yote, kisha akashika yai moja akalimulika kwa tochi ya simu.

"Jogoo ulimuulizia?" akasema.

Hapa mjini yai la kienyeji ni kiini cha njano. Tunalitafutia mgonjwa, tunalitafutia mzazi, tunabishana bei kwa ajili yake, na hakuna anayeulizia jogoo, kwa sababu hakuna anayetaka kifaranga. Nilikuwa nimehoji kila kitu kwenye jaribio lile isipokuwa hicho.

Ndipo nikaenda Chamazi, kwa shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ananiita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na nikimwamkia shikamoo huitikia kwa kunyenyekea kwa utani kama vile mimi ndiye mkubwa. Kwa miaka mingi alishona sare za shule. Yeye na marehemu mumewe walihamia Chamazi kulipokuwa bado pori la mikorosho, wakajenga chumba kimoja, wakahamia, wakajenga kingine huku wanaishi. Kuku wake hulala juu ya mti wa mpera na kushinda kwa majirani. Jogoo alikuwapo, wa kifua mbele, mgomvi, aliyewahi kumkimbiza mjumbe wa mtaa. Nilipomweleza shangazi shida yangu alicheka hadi akashika ubavu. Ulisoma mpaka huko, akasema, kuja kutafuta jogoo. Tangu hapo kila baada ya muda nilienda na ndoo yenye pumba za mpunga, akanipangia mayai humo kwa mkono wake, ncha nyembamba ikiangalia chini.

Kule kushika ubavu siku ile sikukutilia maanani. Alikuwa akitokwa damu chooni muda mrefu, akaiita bawasiri, akanywa dawa za bawasiri. Ilipofika hospitali ilikuwa na jina jingine: saratani ya utumbo mpana. Wakamfanyia upasuaji, wakakata kipande chenye uvimbe, tukashukuru Mungu. Kabla mwaka haujaisha kipimo kikaonyesha mbegu zake zimeshaangukia kwenye ini. Daktari akasema sasa aanze dripu.

Daktari huyo alikuwa kijana wa rika langu, mwenye haraka ya mtu mwenye foleni nje ya mlango. Alimweleza shangazi kwamba dawa zitakuwa za namna mbili. Za kwanza zinaua seli za ugonjwa. Nyingine, akasema, kazi yake ni kuziba mishipa.

Shangazi alimshukuru, akatoka, akarudi Chamazi, akavua baibui akalikunja, akatangaza kwamba harudi kule.

Ilituchukua muda kuelewa. Mumewe alikufa kwa kiharusi, lakini hakufa siku kilipompiga. Alilala miaka kwenye kitanda cha chumba cha mbele, mdomo umeenda upande, mkono umekunjika kifuani, na shangazi akimlisha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu, akimgeuza asioze mgongo. Alipouliza wakati ule mumewe ana nini, aliambiwa kwa maneno mawili: mishipa imeziba. Na sasa mwanamke aliyemlisha mume uji kwa sababu ya mishipa iliyoziba alikuwa anaambiwa ipo dawa ya kuiziba, na aifuate kwa miguu yake mwenyewe.

Neno lenyewe ndilo lililotukwamisha. Kiswahili chetu kimeubebesha mshipa mizigo mingi. Damu hupita kwenye mshipa, maumivu hupita kwenye mshipa, shingo ikikaza ni mshipa, na kwetu sie watu wa pwani mwanaume mwenye ngiri husemwa ana mshipa. Jumapili moja baba na mimi tulienda Chamazi kumbembeleza, tukakaa mkekani barazani, na baba, ambaye akiogopa hufanya mzaha, akaanza nao huo.

"Dada, wewe na mshipa wapi na wapi? Si ugonjwa wa kina sie huo?"

"Nyamaza. Wako tunaujua wote," shangazi akamjibu, na kwa muda tulicheka kama hakuna anayeumwa.

Kisha nikajaribu. Nilisema dawa haigusi mishipa aliyozaliwa nayo, inazuia mipya, ile midogo inayoota kuufuata uvimbe. Nilichora kwa kidole kwenye mkeka. Alinisikiliza kwa adabu, akamenya chungwa, akanipa nusu.

"Mama," akasema, "dawa ikishaingia mwilini ni kama mgeni kwenye nyumba yenye giza. Itajuaje upi wa kuziba na upi wa kuacha?"

Ningekuwa nimeulizwa na mtu mwingine ningefurahi. Lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimekaa nalo wiki nzima nikisoma, na nilichokipata ni kwamba dawa hailengi mshipa wenyewe, inaudaka ule mwito wa kemikali kabla haujafika. Ila mwito huohuo mwili mzima huutumia kwa kazi zake nyingine, za kuponya vidonda na kutunza mishipa mizee. Ndiyo maana kwa watu wachache dawa ile hupandisha presha, au huwatoa damu, au damu huganda mahali isipotakiwa. Wachache, si hakuna. Shangazi alikuwa ameliogopa neno lisilo lake, lakini hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Nilianza kutoa mbegu kwenye nusu yangu ya chungwa. Baba alinitazama kwa jicho la kuniomba niseme kitu, na nilijua kitu gani.

Njiani kurudi alisema ningemwambia tu haina neno. Neno moja, angekubali. Nikasema siwezi kumwambia nisilolijua.

"Basi kaa na ukweli wako," akasema, "sie tutamzika."



Siku zilizofuata nilizitumia kulitilia shaka hata lile nililokuwa nalipenda. Niliyaangalia mayai yangu nikauliza yananiambia nini kuhusu shangazi. Utando wa yai ni mwororo, mchanga, hauna miaka ya kushona wala presha wala mume aliyeuguzwa. Ndani ya yai mishipa hukua kwa sababu kila kitu ndani ya yai kinakua. Ukiizuia kidogo umeizuia mingi. Zimekuwapo dawa zilizokausha mishipa kwenye mayai vizuri kabisa, zikafika kwa binadamu zikashindwa. Msimamizi wangu aliposikia manung'uniko haya alisema ndiyo, ndiyo maana tunaita ni mfano. Mfano si kitu chenyewe. Lakini, akaongeza akiwa anafuta lenzi, wewe una kingine cha kuonyesha?

Sikuwa nacho. Na bado, kila asubuhi nilipofungua mashine na kuinua kile kipande cha selotepu kinachofunika dirisha, yale yale yalinikuta. Mishipa ilikuwa imeongezeka tangu jana. Hakuna aliyeichorea ramani. Kila kijinywele kilikuwa kimefika mahali kilipohitajika, kikakutana na chenzake, kikashikana nacho, damu ikapita. Mimi niliyezoea kuuliza nani kasema na kwa ushahidi gani, nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kuuliza.

Nilipoenda tena Chamazi kuchukua mayai, shangazi alikuwa amepungua. Kanga ilimzunguka kifuani mara mbili. Alinipangia mayai kwenye ndoo kama kawaida, ila safari hii alipofika la mwisho alilishikilia.

"Miezi yote hii nakupa mayai," akasema. "Nataka niyaone yanafanywa nini."

Niliomba ruhusa. Msimamizi aliuliza kama mgonjwa ana nguvu za kupanda ngazi, akaniambia avae koti, asishike kitu, na mimi nisimfanyie hotuba. Baba akaazima gari kwa rafiki yake akatuleta, akabaki chini akisema harufu za maabara zinamtibua. Nadhani aliogopa tu.

Shangazi alipofika mlangoni alipiga hodi, akangoja kukaribishwa, kisha akavua ndala akaziacha nje kwa mpangilio, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Ilibidi msimamizi mwenyewe azichukue na kumwomba azivae tena, kwamba humu sakafuni huanguka vitu vikali. Shangazi hakuafiki. Mahali pa kazi ya namna hii kuingia na viatu, akasema, lakini akazivaa. Alipewa koti jeupe likamfika vifundoni. Nikamketisha mbele ya hadubini.

Kwanza hakuona kitu. Naona kope zangu, akalalamika, na ndivyo ilivyo kwa kila mtu mara ya kwanza. Nilimwambia arudishe kichwa kidogo, asifumbe jicho, atulie. Nikazungusha lenzi polepole. Nikajua amefika kwa sababu mabega yake yalishuka.

Lilikuwa yai lisilowekewa kitu, zima. Shangazi akasema Subhanallah, si kwa sauti ya kushangaa bali ile ya chini anayotumia akimaliza sala.

"Inapiga," akasema.

"Inapiga."

"Na mie ndiye niliyelitoa kwenye ndoo hili."

Aliuliza kama kifaranga kitatoka. Nikamwambia hakitatoka, kwamba tunakisimamisha kabla hakijafika kuota manyoya. Mnakichinja? Hapana, tunakiweka kwenye baridi kali. Nikaongeza kwamba katika umri ule wanasema hakisikii maumivu.

"Wanasema nani?" akauliza bila kuondoa jicho.

Hakungoja jibu. Alisoma kitu kwa midomo, sikukisikia, akaniambia nilete jingine.

La pili lilikuwa na seli za saratani. Zilifika kwetu zimegandishwa, zikitokana na uvimbe wa mtu wa mbali ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua. Zilioteshwa kwenye visahani, kisha nikaziweka juu ya utando ndani ya kijipete cha plastiki. Siku chache baadaye zilikuwa zimejikusanya kuwa kitone cheupe. Na mishipa, ambayo kwenye yai la kwanza ilitambaa kila mmoja na njia yake, hapa ilikuwa imegeuza njia. Kutoka pande zote ilipinda ikaelekea kwenye kile kitone, imenyooka, mingi, kama vyuma vya tairi la baiskeli vinavyokutana katikati. Nimeliona jambo hilo mara nyingi sasa na bado nywele za mkono hunisimama. Kitone kisicho na mdomo kimeita, na mwili mzima usio wake umeitika.

Nilifungua mdomo kueleza, nikakumbuka nimekatazwa hotuba.

Shangazi ndiye aliyesema. "Hawa wamevuta maji."

Nikamuuliza nani.

"Hawa weupe hapa katikati. Wamevuta maji. Kama yule wa ghorofa."

Nilimkumbuka. Wote tuendao Chamazi tunamkumbuka. Watu walikaa pale miaka wakichota kwenye visima, mpaka bomba likafika barabarani na kila aliyeweza akavuta maji kwake. Shangazi akavuta, na alisherehekea kwa pilau. Kisha akaja mtu akajenga ghorofa mahali pasipopimwa, hajulikani kapewa na nani, akavuta bomba lake, akavuta la pili, moja likapita chini ya uwanja wa shangazi, lingine uani kwa jirani, na presha ya wengine wote ikashuka. Asubuhi ukifungua koki inakohoa. Yule wa ghorofa alikuwa akimwagilia ukoka.

"Kwa hiyo huyu hapa," shangazi akasema, akikaribia kugusa yai kisha akakumbuka na kurudisha mkono, "kaja kajenga pasipo pake, na ili akae lazima avute. Asipovuta hajengi ghorofa."

"Ndivyo."

"Na hiyo dawa haizibi bomba kubwa la barabarani. Inamzuia yeye asiunganishe jipya."

"Nia yake ni hiyo," nikasema. Niliona msimamizi ameacha alichokuwa akiandika.

Nikaleta la tatu. Hili nalo lilikuwa na kitone, lakini lilikuwa limepewa dawa ya jamii ile. Mishipa ilikuwa imeanza kugeuka, imefika nusu ya njia, ikakoma. Michache ilikuwa imefika. Kitone kilikuwa kidogo. Shangazi alikaa nalo kuliko yote, akizungusha kichwa taratibu kana kwamba angeweza kuona pembeni. Nilijua anachotafuta na nilikiogopa.

"Na hili lilipona?"

Baba alikuwa chini kwenye gari. Nilimfikiria. Nilifikiria jinsi neno moja lilivyo jepesi.

"Halikupona, shangazi. Uvimbe bado umo. Umebaki mdogo kuliko kwenye mayai mengine, na umechelewa. Basi."

"Na bomba kubwa? Huwa linaziba?"

"Hutokea. Kwa wachache. Wengine wanatokwa damu, wengine presha inapanda. Siwezi kukuahidi kwamba wewe si mmoja wao. Na yai si mtu. Siwezi hata kukuahidi kwamba itakufanyia ilivyolifanyia yai."

Aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Lenzi zilikuwa zimemwachia duara mbili nyekundu kuzunguka macho, akanitazama nazo.

"Ungeniambia haina neno," akasema, "ningejua umetumwa na baba yako."

Hakusema kwamba amekubali. Aliomba arudishiwe lile la kwanza, lisilowekewa kitu, akalitazama tena mpaka msimamizi akasema kwa upole kwamba yai linapata baridi. Kwenye ngazi alishuka akishikilia bega langu, na alipofika kwenye gari alimwambia baba kitu kimoja tu: kwamba yeye, mdogo wake, hajawahi kuona kitu maishani mwake, aende akaone. Baba hakwenda. Lakini njia nzima alimuuliza kulikuwa na nini, na shangazi akamweleza, mikono hewani, bomba kwa bomba.

Wiki iliyofuata alitoa baibui kabatini. Aliniambia twende wote, ila niongee nikiulizwa. Yule daktari kijana alikuwa na foleni kama siku zote. Shangazi aliketi, akaweka mkoba magotini, akamwambia kwamba mara ile alipotaja kuziba mishipa yeye alimwona marehemu mumewe kitandani. Daktari akasimamisha kalamu. Kisha shangazi akamuuliza kwa maneno yake: uvimbe huu umeshavuta maji kiasi gani, dawa hiyo itauzuia usiunganishe au itakata na ya kwangu, na mkiona ya kwangu inakatika mtajuaje, mtafanya nini. Daktari alinitazama mimi kama anayetafuta mkalimani. Nikamwonyesha shangazi kwa macho. Akarudi kwake, akacheka kidogo, akavuta kiti.

Walizungumza muda mrefu, na nje watu walianza kuguna. Alimwambia kwamba uvimbe wake umeshavuta vya kutosha, na dawa pekee hazitaung'oa, zitauchelewesha. Alimpima presha, akakuta imepanda, akasema hataanza kabla haijashuka. Akampa vidonge na kumtaka arudi. Alimtajia dalili ambazo akiziona asingoje asubuhi: mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi, kifua kubana, choo cheusi. Shangazi alinitaka nizirudie zote kwa sauti, kisha akazirudia yeye. Mwisho akaweka sharti. Siku mdomo wake ukipinda hata kidogo, dawa hiyo ikome, na asiwepo mtu wa kumbembeleza. Daktari akasema sawa, mama. Shangazi akasema alimaanisha na mimi nisikie.

Presha ilipotulia tulirudi. Chumba cha dripu kina viti vya kuegemea vilivyopangwa kando ya ukuta, na watu hukaa humo nusu siku wakisinzia, wakichezea simu, wakipeana njugu. Nesi alimfunga shangazi mpira juu ya kiwiko, akapapasa mgongo wa kiganja, akapiga vidole viwili, akatikisa kichwa. Mishipa ya bibi inakimbia, akasema.

"Isikimbie," shangazi akasema, "mie mwenyewe nimekaa."

Nesi alimwomba akunje ngumi na kukunjua. Niliinama nitazame. Chini ya ngozi iliyokuwa imelegea na kuwa nyembamba, kitu cha buluu kilianza kupanda taratibu, kikavimba, kikajigawa karibu na kidole cha kati, na tawi moja likatambaa kuelekea kifundo ambako sikuweza kuliona tena. Nimeushika mkono ule tangu utotoni. Sindano ikaingia, damu ikachungulia kwenye kimrija, ikarudi.

Dawa ya kwanza ilipita. Walipotundika ya pili, kichupa kidogo cha maji meupe yasiyo na rangi ya kutisha wala ya kutia moyo, shangazi aliuliza kama ndiyo yenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akaangalia tone la kwanza likidondoka kwenye kile kichumba cha plastiki, la pili, la tatu, kwa makini yaleyale aliyoliangalia nayo yai. Baada ya muda akageuza uso kwangu.

"Sasa hivi imefika wapi?"

Nilifuata mrija kwa macho mpaka ulipozama mkononi mwake. Baada ya hapo hapakuwa na dirisha.

"Sijui, shangazi."

"Haya," akasema, akajiegemeza. "Sogeza kiti basi, tukae."